Bibi Yangu wa Darasa la Nne

Sisi tuliosoma kwa kubanana tunajuana hata ukubwani. Ukimwona mtu wa rika langu ameketi kwenye sofa pana, peke yake, halafu kajisogeza pembeni kama vile anamwachia mwenzake nafasi, usimcheke. Huyo alikalia dawati la watu watatu. Tulikuwaga tunakaa bega kwa bega, paja kwa paja, na ubao wa kukalia una ufa katikati. Mkikaa wote ufa unafunguka. Mmoja akisimama kujibu swali ufa unajifunga, na nyama ya paja lako imo humo humo. Unapiga yowe, mwalimu anadhani unataka kujibu. "Haya, Magesa, tuambie." Utamwambia nini sasa, na paja limeshikwa?

Mtoto wa siku hizi mwenzake akimgusa kiwiko tu anakwenda kushtaki.

Mimi elimu yangu ni darasa la saba, sijifichi. Lakini shuka Bunda mjini, ingia mitaa ya Kabasa, uliza karakana ya Magesa iko wapi. Hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha kwa kidole. Madawati ya shule nyingi kuanzia huko, ukipita Kiabakari, ukapanda Butiama, ukateremka mpaka Musoma ninakoishi, yamepita kwenye randa yangu. Cheti sina, ila wenye vyeti wengi wa mkoa huu walisoma wamekalia mbao zangu. Nilianza na msumeno wa kuazima. Leo nina mashine, nina Fuso, nina vijana wanaoniita bosi. Basi nikizungumza habari ya dawati naomba nisikilizwe.

Na habari yenyewe ni hii: mtoto akae wapi, karibu na nani, na kwa nini. Swali hilo limenisumbua tangu nikiwa na kaptula ya kaki yenye madirisha mawili nyuma, na nilidhani jibu ninalo, mpaka mwezi uliopita.

Mwezi huo niliitwa shuleni kwa mwanangu, shule ya Kiingereza hapa Musoma. Mwanangu huyu shuleni ni Brayani, lakini nyumbani ni Mafuru, jina la marehemu baba yangu. Kwa hiyo mimi namwita baba. Wasiotoka kwetu wanashangaa wakinisikia dukani nasema, "Baba, chagua biskuti moja tu, twende." Kwetu mtoto akipewa jina la mzee amepewa na heshima yake. Mke wangu hapendi. Anasema ndiyo maana mtoto ana kiburi, hebu nimchape siku moja nione. Nitamchapaje baba yangu mzazi?

Mwalimu wake wa darasa, Madamu Neema, binti mdogo lakini mwenye adabu, alinikaribisha darasani watoto wakiwa nje. "Mzee, Brayani siyo mtoto mbaya," akaanza. Walimu wakianza hivyo jua mambo ni mabaya. "Anaongea. Nikigeukia ubao anaongea, nikigeuka huku anaongea. Nimembadilishia nafasi mpaka nimechoka. Mkuu wa shule amesema muhula huu asipobadilika, mwakani tutafutiane shule nyingine."

 Nikaficha hofu kwa kuuliza swali. "Hizo nafasi, madamu, unazipangaje?"

Akanionyesha karatasi ya manila ukutani, imechorwa viboksi, kila kiboksi jina la mtoto. Yeye aliiita sitingi plani. Nilipenda sana. Nikamuuliza hili, nikamuuliza lile, mpaka akacheka. Mwenye macho mabovu anakaa mbele. Mwongeaji hakai dirishani, wala karibu na rafiki yake. Anayesinzia anawekwa pale mwalimu anapopita kila mara. Brayani alikuwa mbele kabisa, ukutani, peke yake.

"Na nani anakaa na nani?" nikauliza.

"Hapa hakuna kukaa na mtu, mzee. Kila mtoto na meza yake. Hivyo hawasumbuani."

Nikaziangalia zile meza. Nzuri, zimenyooka, kingo zimepigwa msasa. Nilizitambua mara moja. Nilizitengeneza mimi.

Nikatoka pale na gari, nikashika barabara ya Bunda kwenda kazini, na njia nzima sikumwaza Brayani. Nilimwaza Mwalimu Mkumbo.

Shule yetu ilikuwa upande wa Guta, pale mashamba ya pamba yanapokaribia kukutana na ziwa. Kwa hiyo darasani tulikuwa watoto wa aina mbili. Sisi wa juu, wa pamba na ng'ombe, na wale wa ziwani, wa mitumbwi na nyavu. Sisi tulinuka moshi, maziwa na zizi. Wao walinuka dagaa na furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Kila upande ulisema wenyewe haunuki. Upepo wa asubuhi ulikuwaga unatoka ziwani, na sisi tulijisifu kwamba tunamjua mwenzetu wa ziwani amefika kabla hajakata kona. Wao nao walituita Kinyesi, kwa sababu Ijumaa, siku ya kusiliba sakafu, sisi ndio tulioleta mavi ya ng'ombe kwenye ndoo na wao walileta maji. Tukachanganya pamoja, tukapaka, tukaimba. Jumatatu tukaanza kutukanana upya, juu ya sakafu ile ile.

Kitu kimoja tu hakikuwa na ugomvi. Wakati wa mapumziko, nyuma ya darasa, sisi tulitoa michembe mifukoni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, vigumu kama kokoto, na wao walitoa furu wakavu waliofungwa kwenye gazeti. Tunabadilishana bila neno. Unaweka michembe kati ya meno, unauma samaki mdogo juu yake, chumvi na utamu vinakutana. Aisee! Mwanangu anakula chipsi na kuku wa kukaanga, halafu anasema hana hamu. Hajui hamu ni nini.

Kupanga watu darasani, kabla ya Mwalimu Mkumbo, kulikuwaga hakuna. Mkubwa alikaa nyuma, mdogo mbele, wasichana upande wa dirisha, na wa juu na wa ziwani kila mmoja alikimbilia wenzake. Katikati ilibaki njia, na kwenye njia hiyo ndiko vita vilikopiganwa. Mimi nilikuwa jemadari wa upande wetu. Nilikuwa na mkono mwepesi, na sikuwahi kuangushwa, hilo waulize walio hai. Mpira wa matambara ukiingia darasani, mimi. Kalamu ya mtu ikipotea, mimi. Mtu akipiga chafya kwa nguvu, mwalimu anasema, "Magesa, toka nje," na kumbe sijafanya lolote.

Baba yangu aliitwa shuleni kwa ajili yangu hata akajua kona zote za njia. Mara ya mwisho aliitwa akiwa anapalilia pamba, akaja na jembe begani. Alisikiliza yote. Tukarudi wote, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka kwenye zizi. Baba hakuwaga mtu wa kupaza sauti. Aliegemea mti wa zizi, akasema:

"Baba yako mkubwa wa Kiabakari anatafuta mtu wa kuchunga. Ameniomba wewe muda mrefu, nikamkatalia. Nikiitwa tena huko, siku hiyo hiyo unakwenda. Utawasomea ng'ombe."

Niliamini. Nilikuwa nimewaona wenzangu waliopelekwa kuchunga, hawakurudi darasani. Na mimi, pamoja na ukorofi wangu, shule sikutaka kuiacha, kwa sababu moja ambayo sikumwambia mtu. Darasa la tano ndipo wavulana walipoanza kazi za mikono, na Mwalimu Mkumbo alikuwa na kabati la vifaa: msumeno, randa, patasi na nyundo yenye mpini mwekundu. Sisi wa darasa la nne hatukuruhusiwa kugusa. Nilikuwaga nachungulia dirishani wakubwa wakiranda ubao, zile nywele za mbao zikajikunja na kudondoka, na harufu yake ikanijia. Nikasema moyoni, mimi lazima nifike hapo. Kiabakari hakukuwa na randa. Kulikuwa na ng'ombe tu.

Mwalimu Mkumbo mwenyewe hakuwa wa kwetu. Alitokea Singida, mrefu, mwenye baiskeli iliyokuwa ikilia kabla yake. Alikuwa na tabia ya kuuliza maswali yasiyo ya darasani. Atasimama na mama anayeuza nyanya, amuulize kwa nini mtoto wake anaitwa vile. Atamuuliza mzee kwa nini ng'ombe yule amekatwa sikio. Watu walimwona mpelelezi. Mimi nilimwona mtu asiye na kazi.

Basi Jumatatu moja, muda si mrefu baada ya lile onyo la zizini, aliingia darasani bila fimbo. Akasema, "Simameni wote, chukueni madaftari, nendeni ukutani." Tukasimama. Akaanza kuita mmoja mmoja na kumwonyesha pa kukaa. Wa juu na wa ziwani akawachanganya kama mchele na maharage. Wengine aliwapanga haraka. Alipofika kwangu akasita, akakuna kidevu kwa chaki, kidevu kikabaki cheupe.

"Nyangeta," akaita.

Akatoka msichana wa ziwani, mwembamba, aliyekuwa hajaonekana shuleni kwa muda mpaka tukadhani wamehamia visiwani. Siku hiyo ndiyo alikuwa amerudi.

"Kaa pale ukutani. Magesa, kaa naye. Kuanzia leo hapo ndipo kwenu."

Dawati lile ubao wake wa kukalia ulikuwa umevunjika upande mmoja, kwa hiyo liliwatosha wawili tu. Ukuta, Nyangeta, mimi, halafu njia. Darasa likalipuka.

"Magesa kapata mboga!" akapiga kelele Wambura, rafiki yangu mkubwa wa upande wa juu. "Sasa leta ugali tu, mboga unanusa!"

Nikakaa na nusu ya tako nje ya dawati. Nyangeta hakunitazama. Alitazama ukuta.

Nyumbani jioni nikalalamika. Nilidhani baba atanionea huruma. Nikamwambia mwalimu amenidhalilisha, amenikalisha na kitoto cha ziwani kinachonuka dagaa, kinaitwa Nyangeta.

Baba alikuwa anakamua. Mikono ikasimama, ng'ombe mwenyewe akageuka kumtazama.

"Nyangeta wa nani?"

Nikamtajia baba yake, mvuvi, na kitongoji chao pale ufukweni. Baba akamwangalia mama, mama akamwangalia baba.

"Huyo ni mama," baba akasema.

Nikacheka. Sikupaswa kucheka. Mama ndiye aliyenieleza, kwa sababu baba alikuwa ameondoka na ndoo. Bibi yangu mzaa baba, aliyefariki kabla sijazaliwa, alitoka ziwani, akaolewa huku juu. Jina lake Nyangeta. Alipofariki, ndugu zake wa ziwani walimpa mtoto wao jina hilo. Baba alisikia kwamba mtoto huyo yupo, ila kwa mambo ya wakubwa ya ng'ombe wa mahari ambayo mimi sikuelezwa, pande hizo mbili zilikuwa haziendani. Alikuwa hajawahi kumwona.

Kesho yake tuko paredi, tumepanga mistari, naona kofia ya baba inakuja kwenye njia ya shule.  Sikuwa nimepigana na mtu, lakini nikasema basi, Wambura kasema kitu, mwalimu kaita, leo ni Kiabakari. Nikalitazama lile dirisha la kabati la vifaa kama mtu anayeaga.

Baba akanipita. Hakunitazama hata. Alikuwa na kibuyu cha maziwa mgando, kimepakwa mafuta, kinang'aa. Akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa wasichana, akavua kofia, akainama, mtu mzima yule ambaye hata mwenyekiti wa kijiji alimwogopa, akainama mbele ya msichana wa darasa la nne.

"Mama, umeamkaje?"

 Nyangeta alitazama vidole vyake vya miguu. Halafu, kama mtu aliyefundishwa nyumbani, akajibu kwa sauti ndogo lakini iliyonyooka:

"Nimeamka, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, mama. Ila huyu mmoja ananisumbua."

"Nitamwangalia."

Watoto wenyewe ndio mimi. Shule nzima ilianguka kwa kicheko, walimu wakageukia upande wa bendera wasionekane. Mwalimu Mkumbo peke yake hakucheka. Alikuwa anaangalia kama mtu aliyepanda mbegu ngeni na sasa anaona imetoa jani.

Jamani, kukaa dawati moja na bibi yako ni adhabu ambayo wizara haijaigundua. Nikitaka kumrushia mtu chaki, nasikia pembeni, "Mjukuu, andika." Nikisema, "Bibi, niache," anasema, "Nitamwambia mwanangu." Na mwanawe ndiye baba yangu mwenye zizi! Siku akifurahi anafanya kama mabibi wote wanavyofanya, ananiita mume wangu, tena kwa sauti, mbele ya Wambura. Nilikuwaga natamani sakafu ifunguke. Lakini kumpiga sikuweza, kumtukana sikuweza, hata kumkaba nafasi sikuweza. Unamkabaje nafasi mama wa baba yako? Nikajikuta nakaa nusu tako nje kwa hiari, ili yeye akae vizuri.

Siku moja tu ilikaribia kuharibika. Mwalimu alikuwa ametoka, tunafanya hesabu. Wambura akapita kwenye njia, akaziba pua kwa vidole viwili, akaimba, "Furu, furu, nani kaleta furu?" Wa juu wakaanza kuitikia. Nyangeta akageukia ukuta, na nikaona shingo yake imekakamaa. Nikasimama. Ngumi ilishajikunja yenyewe, sikuikunja mimi. Nikaona Kiabakari, nikaona ng'ombe wa baba mkubwa, nikaona ile nyundo ya mpini mwekundu. Na bado nikapiga hatua.

"Mjukuu," akasema Nyangeta, bila kugeuka. "Usimpige. Simama tu."

Nikasimama tu.  Nilimtazama Wambura, naye alinijua vizuri kuliko wote. Vidole vikashuka kutoka puani kimoja baada ya kingine. "Natania bwana," akasema. "Kwani mtu hataniwi?" Akarudi kukaa. Wimbo ukafia pale. Nilipogeuka, Mwalimu Mkumbo alikuwa dirishani, kwa nje, amesimama na baiskeli yake. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakuingia. Akapanda baiskeli, akaondoka ikilia.

Baba hakuitwa tena shuleni. Nikaingia darasa la tano, nikashika randa. Kazi yangu ya kwanza kabisa ilikuwa kupigilia ubao mpya kwenye dawati letu lile lililovunjika. Misumari mingine ilipinda, lakini Nyangeta alikaa, akajitikisa, akasema, "Limekaza, mume wangu." Hapo ndipo maisha yangu yote yalipoanzia. Nyumba hii yenye vigae, Fuso, karakana, vyote vimetokea kwenye ubao ule.

Kwa hiyo miaka yote nimekuwa najiuliza. Yule mtu wa Singida, asiyejua hata kusalimia kwa lugha ya kwetu, alijuaje kwamba kati ya watoto wote wale, huyu ni bibi wa huyu? Mimi mwenyewe sikujua. Baba alikuwa hajamwona. Ilikuwa bahati? Na jibu nililojipa, nikawa nawahadithia vijana karakana wakati wa chai, ni kwamba Mwalimu Mkumbo aliona kipaji changu. Aliona huyu kijana atafika mbali, akazunguka kijiji kizima kutafuta kamba ya kunifunga nisipotee. Vijana walikuwa wanaitikia vizuri sana, ndio bosi, ndio bosi.

Siku ile natoka kwa Madamu Neema, badala ya kunyoosha Bunda, nikakata kona kwenda Butiama. Mwalimu Mkumbo alihama zamani, akarudi kwao, hatukumsikia tena. Lakini Nyangeta aliolewa Butiama, na ana meza kubwa ya dagaa na samaki wakavu sokoni. Tunasalimianaga kwenye misiba. Sikuwahi kumuuliza.

"Ona mume wangu alivyozeeka!" akaniambia kabla sijafunga mlango wa gari. Wateja wakageuka.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba. Kaa hapo. Usiogope, dagaa hawaumi." Akajinusa kiganja, akacheka. "Nilikuwa nanuka, na bado nanuka. Sasa wanapanga foleni."

Nikakaa kwenye gunia. Nikamweleza habari ya Brayani, mkuu wa shule na ile manila ya viboksi. Halafu nikamuuliza, kwa namna ya kujichekesha, kama anajua ni nani alimwambia mwalimu kwamba mimi ni mjukuu wake.

"Ni bibi yangu mimi, yule wa nyumbani," akasema, kama ananiambia jua linatoka wapi. "Kwani hujui? Mimi nilikuwa nimeacha shule."

Sikujua. Nyangeta akaendelea huku anapima dagaa za mteja. Alikuwa amechoka kuzibiwa pua. Walimmwagia maji kwenye daftari, wakamhama kila alipokaa, akawa anakaa peke yake sakafuni. Siku moja akamwambia baba yake hataki tena, afadhali aanike dagaa. Baba yake hakubisha, mikono ilihitajika. Ndipo Mwalimu Mkumbo akaja na baiskeli. Akakaa nao mchana kutwa, akala, akauliza maswali yake. Akamuuliza bibi wa pale, "Mtoto huyu jina mlimpa la nani?" Bibi akamwambia ni la dada yake aliyeolewa huko juu, akamzaa mtu mmoja mkali anaitwa Mafuru.

"Mwalimu akacheka peke yake mpaka tukaogopa," Nyangeta akasema. "Akasema huyo Mafuru ana mtoto darasani kwangu, mkorofi mpaka basi, kila mtu anamwogopa. Bibi akauliza, sasa mkorofi atamsaidia nini huyu? Mwalimu akasema, mama, huyo ndiye uzio ninaoutafuta. Nitamweka mtoto wako ukutani. Upande mmoja ukuta, upande wa pili yeye. Tuone nani atapita."

Nikachora kwa kidole juu ya gunia lile. Ukuta, Nyangeta, mimi, halafu njia. Mimi ni fundi, nimechora madarasa mengi kwa chaki sakafuni, na picha hiyo nilikuwa nayo kichwani maisha yangu yote bila kuisoma.

"Kwa hiyo haikuwa kwa ajili yangu," nikasema.

"Ulidhani ni kwa ajili yako?" Akanitazama, halafu kicheko kikamshika mpaka akaweka mizani chini. "Jamani huyu mwanaume! Ulikuwa uzio, mume wangu. Uzio mzuri lakini. Haukupitisha hata mbuzi."

Nilirudi Kabasa nikiwa na maswali zaidi ya niliyokwenda nayo. Maana angalia: ukorofi wangu mwalimu hakuung'oa. Aliupa kazi. Na alinipanga mahali ambapo nilimlinda mtu bila kuambiwa, nikaokoka mwenyewe bila kujua. Je, hilo nalo alilijua? Au alimtazama Nyangeta tu, na mimi nikapona kwa bahati? Nyangeta anasema alijua. Mimi sina hakika tena, na huwa sipendi kutokuwa na hakika.

Nikawaambia vijana wasimamishe kazi za wateja. Nikachagua mninga mkavu, nikaunda dawati moja la watu wawili, kwa mikono yangu, bila mashine. Nilipokuwa nalipakia kwenye Fuso nikaona limekuwa zuri mno, basi nikalisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyesema kitu.

"Mzee, hatujaagiza," akasema Madamu Neema nilipolishusha shuleni.

"Najua. Madamu, kuna mtoto humu ambaye wenzake hawataki kukaa karibu naye?"

Akasita. "Elia. Amehamia muhula huu. Ana kigugumizi, wanamwigiza. Sasa hivi hasemi kabisa."

"Mweke ukutani. Brayani akae upande wa njia."

"Mwongeaji na kigugumizi?" Aliitazama manila yake muda mrefu. Halafu akaanza kunihoji mimi: nimelitoa wapi wazo hilo, na kama watasumbuana itakuwaje. Nikamwambia wakipigana anipigie simu, nitakuja kumchukua baba yangu mwenyewe. Nikamuuliza Elia nyumbani kwao anaitwa nani. Hakujua. Alikuwa na jina la kwenye cheti tu.

Jioni nikamwagiza mwanangu kazi. "Baba, muulize mwenzako jina lake la nyumbani, na ni la nani."

"Kwani inahusu nini?" akasema, macho kwenye simu ya mama yake.

Hivyo ndivyo walivyo. Enzi zetu tulimjua mtu kwa harufu, kwa michembe yake, kwa ugonjwa wa ng'ombe wao, na kwa paja lake lililobanwa pamoja na la kwako. Tuliumizana, sikatai. Lakini hukuweza kukaa na mtu usijue ni wa nani. Leo mbao ni nzima, hazina ufa, kila mtoto na meza yake, hakuna anayepiga yowe. Ukimuuliza jina la jirani yake anakwambia hajui. Na meza hizo nimeziunda mimi, nikapokea na shukrani.

Juzi Brayani alirudi kutoka shuleni mapema, akanikuta sebuleni. Akasimama mbele yangu na begi mgongoni.

"Nimemuuliza," akasema. "Nyumbani anaitwa Masatu. Ni la babu yake."

"Vizuri. Alikwambia upesi?"

"Hapana. Alichelewa kulisema. Wengine wakaanza kucheka, nikawaangalia tu." Akafikiri kidogo. "Halafu nikamsubiri."

Mtoto ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe.  Nikajisogeza pembeni ya sofa, na baba yangu akakaa.